Eimu Hapaki Losheni

Enzi zetu kule Kalamba, mtoto aking'oka jino hakuulizwa kama ameanguka. Aliulizwa ameharibu hadithi gani. Tuliamini, na mimi niliamini kuliko watoto wote wa Makueni ukiwajumlisha na wa Kitui, kwamba ukisimulia hadithi ya wazee halafu ubadilishe hata neno moja, meno yatakutoka. Neno moja, jino moja. Ukibadilisha mwisho wa hadithi, basi jiandae kunywa uji hadi siku ya kuzikwa.

Ushahidi ulikuwepo. Sokoni palikuwa na mzee muuza ugoro ambaye kinywani hakuwa na jino hata la kutia dawa. Dada yangu Ndanu, aliyenizidi miaka minne na akili mara kumi, alininong'oneza siku moja tukimpita: "Huyu aliharibu zote." Zote! Nilimwonea huruma yule mzee mpaka nikashindwa kula.

Kisha na mimi yakanipata. Darasa la pili, mwalimu alitaka kila mtoto asimame asimulie hadithi ya kwao. Nikasimama nikatoa ile ya Wayua, lakini tamaa ikanishika katikati, nikajiingiza ndani nikiwa na upinde na mishale mia nne. Darasa lilishangilia. Kesho yake nikila muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, jino la mbele likabaki kwenye punje ya hindi. Keshokutwa likafuata jirani yake. Nikamkimbilia mama, meno kiganjani, nikakiri dhambi yangu yote pamoja na idadi ya mishale. Mama yetu, ambaye tulimwita Mwaitu kama Mkamba yeyote anavyomwita mamake, aliangalia meno, akaniangalia mimi, akasema, "Umeona sasa?"

Tangu siku hiyo sijabadilisha hadithi hata kwa koma.

Hadithi yenyewe ni hii. Ukame ulikuja ukauma mpaka mto ukabaki mchanga mtupu. Wayua, msichana aliyejua kuchimba kisima cha mchangani kuliko wanaume, alichimba. Mkono ukaingia, bega likaingia, yeye mzima akaingia, na huko chini eimu akamshika kiganja. Eimu ni lile zimwi letu la Ukambani. Jicho moja liko kisogoni, makucha ni majembe, na mdomo unanuka kama ngozi iliyosahaulika kwenye mvua. Eimu akamweka Wayua chini ya mchanga amsagie mtama mchana na usiku. Kaka yake alipokuja kuteka maji alisikia kitu chini ya nyayo: kru, kru, kru, jiwe juu ya jiwe. Akachimba siku saba bila kulala. Siku ya saba akashika msuko wa nywele, akavuta, Wayua akatoka na konzi ya mtama mkononi. Mwisho.

Nilipokua nikanunua posho mill, mashine ya kusaga unga. Watu husema ni biashara. Mimi nadhani ni lile jiwe la Wayua ambalo halijawahi kunitoka masikioni.

Na hadithi hiyo hatukupewa bure. Kwetu, hadithi ilikuwa na urefu wa rundo la mbaazi. Mwaitu alimwaga mbaazi zenye maganda juu ya gunia, sisi tukazunguka, yeye akaanza kusimulia huku sote tunaambua. Mkono ukisimama, hadithi inasimama. Ukijifanya kuambua huku umeshika ganda lilelile, Mwaitu ananyamaza katikati ya neno, na eimu anabaki na mkono hewani mpaka urudi kazini. Rundo likiisha, hadithi imeisha, kalaleni. Mpaka leo nikinusa maganda mabichi ya mbaazi, nywele za shingo zinasimama na kucha zinawasha. Kucha zetu zilikuwa nyeusi kuanzia mavuno mpaka karibu mavuno mengine, na tulikuwa na furaha kama wafalme.

Mara ya kwanza kuisikia ya Wayua nilikuwa na miaka kama sita. Naukumbuka mwaka huo kwa sababu Ndanu hakuwepo. Ukuta wa kisima cha mchangani ulikuwa umemporomokea, watu wakamfukua, mguu ukawa umevunjika mahali pawili, akalazwa miezi hospitalini. Mimi nilichojua ni kwamba sehemu yake ya mbaazi imekuwa yangu. Nililalamika kama mtu aliyebebeshwa kilima.

Vijana wa siku hizi wape rundo lile. Watadumu dakika kumi, halafu waombe ruhusa ya ugonjwa! Vidole vyao vimezoea kusukuma kioo cha simu tu. Sisi tulitengeneza gari kwa waya na vifuniko vya kiwi, likapinda kona zote kutoka nyumbani hadi shule. Tulishona mpira wa soksi ambao ukikupata mgongoni unasahau jina lako. Tulicheza kalongolongo, tukapika udongo, tukaula. Na hata katika uongo wote huo wa michezo, hakuna aliyethubutu kugusa hadithi. Uongo ulikuwa na mipaka.

Shule ya mchana niliiacha darasa la tano. Niliimalizia ngumbaru, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, nimekaa kwenye dawati ambalo magoti yalikuwa yanagusa kidevu. Cheti changu kimetundikwa ndani ya posho mill pale soko la Tulia, kimejaa unga mpaka jina langu linasomwa na mimi peke yangu. Kwa hivyo nisiambiwe sijui vitabu. Baada ya ngumbaru nilisoma kila kilichoandikwa, hadi mifuko ya mbolea. Ninaposema vitabu vya siku hizi vinatuharibia hadithi, nasema kama msomi.

Vilianzia soko la Kabati, kwa huyohuyo Ndanu. Siku hizi anauza viatu vya mitumba, na kando ya viatu anauza vitabu vya mitumba, vinene kama tofali. Shangazi gani hunyima? Kila likizo binti yangu Syombua, wa kidato cha tatu, anarudi kutoka kwa shangazi yake na vitabu viwili vitatu. Mimi nilifurahi. Injini ikiwa imezimwa kusubiri wateja, alikuwa anakaa kwenye gunia la mahindi ananisomea, na injini ikiwashwa anaendelea kwa kupiga kelele. Wateja wa Tulia wamesikia nusu ya vitabu vya dunia kwa njia hiyo. Nilikuwa najivunia vitabu hivyo mpaka nikaangalia jalada la kimoja.

Palikuwa na kijana amesimama kifua wazi. Nywele zimeoshwa, zimechanwa, zinapepea. Ngozi inang'aa kama amepaka losheni chupa nzima. Kichwani, pembe mbili ndogo za heshima.

"Huyu ni nani?"

"Ni zimwi, Baba."

"Zimwi! Shati lake liko wapi?"

"Aki Baba, si ni hadithi ya zamani tu. Imeandikwa upya."

Nikasema ngoja nisome kabla ya kuhukumu. Nilisoma kurasa mia moja na ishirini, na kila ukurasa damu ilipanda ngazi moja. Zimwi hali watu. Zimwi anajuta! Anakaa dirishani anatazama mvua kwa sababu mamake hakumpenda alipokuwa mdogo. Msichana aliyetekwa hapigi nduru. Anampikia supu, anamuuliza, "Ni nani aliyekuumiza?" Nikafungua kingine: mama wa kambo mchawi ndiye mwema, yatima ndiye mbaya. Cha tatu: mbwa mwitu anachumbia. Jamani! Kama eimu ni mpole, sisi tulikuwa tunakimbia nini tukitumwa mtoni jioni? Nani atanirudishia pumzi zangu?

Nikapeleka malalamiko Kabati. Nikamkuta Ndanu na Syombua mbele ya televisheni wakitazama hadithi hiyohiyo iliyofanywa sinema, na hapo ndipo nilikaribia kupasuka. Yule zimwi alikuwa mzuri kuliko hata kwenye kitabu. Alilia chozi moja tu, likateremka polepole shavuni.

"Mnamlilia?" nikauliza. "Ndanu, na wewe unamlilia? Wewe uliyeambua mbaazi?"

"Wee Kioko, kaa chini, unatuziba."

"Huyo angemla Wayua kwa chumvi!"

"Angalau huyu ameoga," Ndanu akasema, na wakacheka wote wawili, shangazi na mpwa, mpaka Ndanu akashika ule mguu wake ambao humuuma akicheka sana.

Hilo ningelimeza. Lakini likizo iliyopita, ikiwa imebaki wiki moja shule zifunguliwe, nikaokota daftari juu ya gunia la mahindi. Mwandiko wa Syombua. Kichwa cha habari: Wayua. Wayua wetu! Nikasoma nimesimama, unga ukinidondokea. Wayua wa binti yangu hakuvutwa na kaka yeyote. Alibaki chini ya mchanga. Tena alibaki kwa kutaka, akawa mwenye maji yote, na mto ukija kwa kishindo watu wanasema, msikilizeni, anasaga. Na eimu? Eimu alikuwa na kope ndefu.

Kope ndefu!

Syombua alipofika alikuwa na furaha. "Umesoma, Baba? Mwalimu ameipenda. Tutaigiza siku ya wazazi. Anataka daftari Jumatatu tukifungua."

Sasa niseme ukweli hapa, kwa sababu ninyi rika langu mtanielewa. Nilifikiria meno. Mzee mzima mwenye cheti, niliangalia mdomo wa binti yangu na kuona mapengo. Lakini kilichotoka mdomoni mwangu hakikuwa hofu, kilikuwa ukali. Nilimwambia hadithi si kitenge, kwamba kila mtu atashona anavyotaka. Nilimwambia ameidharau nyumba yetu. Nikachukua daftari nikalifungia kwenye sanduku la spana, nikatia kufuli.

Hakulia. Alisema, "Sawa, Baba."

Kesho yake, "Sawa, Baba." Mtondo wake, "Sawa, Baba." Alikuja kwenye posho mill kunisaidia kama kawaida, akapima mahindi, akafagia, akakaa kwenye gunia bila kitabu. Wateja wakamuuliza, "Leo hakuna kusomewa?" Akatabasamu tu. Ndanu akanipigia simu Alhamisi. Hakunisalimia. "Mtoto ameniambia hataandika tena. Amerudisha vitabu vyangu vyote, hata vile nilimpa viwe vyake. Umefurahi?" Injini yangu husikika mpaka ng'ambo ya Tulia, lakini nawaambia, ule ukimya wa gunia la mahindi uliishinda kwa kelele.

Hata hivyo sikukubali. Nilikuwa na haki! Na nilijua ni nani atakayelisema hilo mbele ya kila mtu. Jumamosi nikatoa daftari kwenye sanduku, nikamwambia Syombua avae, tukaenda Kalamba kwa Mwaitu. Binti yangu amepewa jina la nyanyake, Syombua na Syombua, kwa hivyo nilisema acha mwenye jina amkanye mwenye jina.

Tulimkuta Mwaitu barazani, saa sita mchana, gunia limetandazwa, mbaazi zimemwagwa. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini vidole vinaona. Hakutuuliza habari za safari. Alisogeza rundo upande wetu.

"Ambueni kwanza. Halafu mseme kilichowaleta na nyuso hizo."

Nikaambua, nikasema. Nilitoa mashtaka yote: vitabu, sinema, losheni, chozi, kope. Nilisema kwa nusu saa bila kumeza mate. Mwaitu akasikiliza mpaka mwisho.

"Syombua," akasema, "soma."

"Mchana, Mwaitu?" nikaruka. "Hadithi mchana?"

"Kioko, mkono wako umesimama."

Nikarudi kwenye mbaazi. Syombua akafungua daftari. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya mtu anayesomewa kesi, lakini alipofika kisimani ikapata nguvu, na lile jiwe likaanza kusaga kru, kru, nikajikuta nimeinamisha kichwa kama zamani. Alipofika kwenye kope, Mwaitu alicheka mpaka mbaazi zikamwagika kutoka kwenye kanga.

"Kope ndefu! Mjukuu wangu, hizo kope umezitoa wapi? Eimu haoshi hata uso."

"Si ndiyo nasema!" nikapiga paja. Ushindi wangu ulikuwa huo.

"Hizo utoe," Mwaitu akamwambia. "Zilizobaki ni zenyewe."

"Zenyewe vipi?" nikauliza. "Kaka yuko wapi? Siku saba ziko wapi?"

Mwaitu alichukua ganda lingine, akalipasua, akatoa mbaazi moja moja. "Hakuna kaka. Mama yangu alinisimulia Wayua hakutoka. Yuko huko mpaka leo, na mto ukija, kile kishindo ni jiwe lake. Ilikuwa hadithi ya kututisha tusichimbe tukiwa peke yetu. Huyu Syombua nilimpa hiyo ya mama yangu, kwa sababu alikuwa mkubwa, na hapakuwa na mtu wetu hospitalini."

"Hospitalini?" nikauliza.

"Wewe ulikuwa na miaka sita," akasema. "Ndanu amefukuliwa mchangani, amelala hospitalini, na daktari hajatuambia kama atapona. Nilifikiri nitakusimulia ili usikaribie kile kisima. Nikafika pale eimu anamshika kiganja, wewe ukaniuliza, 'Wayua alitoka?' Uliuliza huku unaambua, hukuinua hata macho. Ningekuambia nini? Nikamtafutia kaka. Nikampa siku saba kwa sababu rundo la mbaazi lilikuwa kubwa siku hiyo. Ulikuwa hujui? Mwaka wa njaa, mbaazi zilipokuwa kiganja tu, kaka alichimba siku mbili."

Na ni kweli. Siku mbili! Nakumbuka. Nilikuwa nimefikiri mwaka wa njaa mchanga ulikuwa mwepesi.

Daftari lilikuwa limelala juu ya maganda. Nililiokota, nikalipangusa kwa shati, nikampa mwenyewe. Nilimwambia Jumatatu alipeleke, na kwamba siku ya wazazi nitafunga posho mill nikae mstari wa mbele.

"Na kope, Baba?"

"Toa kope. Nyanya yako amesema."

"Nitampunguzia," akasema. Hakusema "Sawa, Baba," na nikashukuru Mungu.

Mpaka leo sijawasamehe wale wa vitabu vinene na sinema. Sitawasamehe! Mwaitu alibadilisha hadithi kwa sababu mbele yake palikuwa na mtoto mmoja aliyeuliza swali moja, alimwona kwa macho yake na aliujua mguu uliovunjika. Hawa wanabadilisha kwa ajili ya nani? Zimwi wao analia kwa kila mtu na hamlilii mtu. Enzi zetu hadithi ilitujua majina, ikajua nani ana homa na mbaazi zimebaki ngapi. Siku hizi inatoka mbali, imeoga, inanukia, inapita mbele yako kwenye kioo na haijui kama uko. Tulikuwa na kucha nyeusi, na hadithi ikatuinamia. Watoto wetu wana kucha safi sana.

Jioni ile tukiaga, Syombua akiwa ametangulia langoni, nilibaki nyuma kidogo. Kulikuwa na jambo moja ambalo halikukaa sawa.

"Mwaitu," nikasema, "kama wewe ulibadilisha mwisho mzima, mbona mimi ndiye niliyeng'oka meno?"

Alikuwa anakusanya maganda. Hakuinua kichwa.

"Yalikuwa meno ya utoto, Kioko. Yalikuwa yamelegea wiki nzima."